Je, Roger Fenton alighushi picha ya vita? Jibu kwa mwalimu wa historia

Swali: Nafundisha historia sekondari. Nimeona picha mbili za Mwingereza Roger Fenton, zote za bonde moja wakati wa Vita vya Krimea. Katika moja, matufe ya mizinga yametapakaa barabarani; katika nyingine barabara ni tupu. Wanafunzi wananiuliza kama alidanganya. Tena wanauliza kwa nini picha zake za vita hazina maiti hata mmoja, na kwa nini mtu hodari namna hiyo aliiacha kamera baada ya miaka 10 akarudi kwenye uwakili.

Jibu: Mwalimu, la kwanza nakujibu mara moja. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba barabara tupu ilipigwa kwanza na yenye matufe ikafuata. Matufe hayo basi yalisogezwa na watu kati ya picha moja na ya pili. Kama huo ni uongo au la, wanafunzi wako wataamua vizuri zaidi wakishajua picha moja ya mwaka 1855 ilitengenezwaje na nani aliilipia. Majibu ya maswali yako yote matatu yamo humo.

Fenton alizaliwa Machi 1819, Crimble Hall, Lancashire, katika ukoo uliotajirika kwa viwanda vya pamba na benki. Baba yake alikuwa mbunge wa Rochdale. Yeye alichukua shahada University College London mwaka 1840, akaanza kusoma sheria, kisha akaiweka kando na kwenda Paris kujifunza uchoraji. Uchoraji haukumpa jina. Kazi zake chache zilitundikwa Royal Academy kati ya 1849 na 1851, zikapita bila kishindo. Mwaka 1851 alipokewa rasmi kuwa wakili, na mwaka huohuo Maonyesho Makuu ya Hyde Park yakawaonyesha Waingereza picha za kamera kwa wingi ambao hawakuwahi kuuona. Fenton akaenda tena Paris, safari hii kutazama njia ya karatasi ya nta ya Gustave Le Gray.

Njia hiyo tuitazame kidogo, maana ndiyo aliyoanza nayo. Karatasi nyembamba hunyweshwa nta ya moto hadi ipenyeze mwanga, halafu hulowekwa kwenye iodidi, ikaushwe, ndipo ipitishwe kwenye nitrati ya fedha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuitayarisha siku kadhaa kabla ya safari na kuisafisha ukirudi mahali penye nafasi. Ubaya wake ni uzito wa kupokea mwanga, kwani lenzi hukaa wazi kwa dakika kadhaa. Mwaka 1852 Fenton alifuatana na rafiki yake, mhandisi Charles Vignoles, hadi Kiev, ambako daraja la kuning'inia lilikuwa likijengwa juu ya mto Dnieper. Alirudi na picha za Kiev, Moscow na St Petersburg. Ukiziangalia, kuta za Kremlin na makuba ya makanisa yako wazi kabisa lakini njia hazina watu. Watu walikuwapo. Mtu anayetembea mbele ya lenzi iliyofunguliwa dakika 4 au 5 haachi alama yoyote.

Januari 1853 Photographic Society, chama cha wapiga picha, iliundwa London, mchoraji Sir Charles Eastlake akiwa rais na Fenton katibu wake wa kwanza. Malkia Victoria na Prince Albert wakawa walezi wa chama hicho, na mwaka 1854 Fenton alikuwa akiwapiga picha wao na watoto wao. Wakati huohuo British Museum ilimkabidhi sanamu zake na mabamba ya udongo ya Ninawi. Kazi hiyo aliifanya, kwa vipindi, hadi 1859. Wanaomtaja kama mpiga picha wa vita tu wanasahau kwamba Krimea ilimchukua chini ya miezi 4.

Huko Krimea hakupeleka karatasi ya nta. Alipeleka vioo vya kolodioni, njia iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, na hapa ndipo ninapokuomba uvute subira, kwa sababu kioo hiki kina masharti. Kolodioni ni pamba iliyochovywa katika asidi ya nitriki na ya sulfuriki, ikaoshwa na kukaushwa, kisha ikayeyushwa ndani ya mchanganyiko wa etha na spiriti. Ndani yake huongezwa iodidi. Hupatikana kimiminika kizito kama asali nyepesi, chenye harufu kali na kinachoshika moto upesi.

Mpiga picha anasugua kioo hadi kisibaki alama ya kidole. Anakishika kona moja, anamimina kolodioni katikati, anakiinamisha ili dawa ifike kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ziada irudi chupani kupitia ya nne. Sekunde chache utando unaanza kunata. Hapo hapo, ndani ya giza lenye mwanga wa njano tu, kioo kinazamishwa kwenye beseni la nitrati ya fedha, takriban gramu 70 kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa, kwa dakika 3 hadi 5. Kinatoka na rangi ya maziwa. Kinaingizwa kwenye kishikizo kisichopitisha mwanga na kukimbizwa kwenye kamera ambayo tayari imeshalengwa. Baada ya kupiga kinarudishwa gizani na kumwagiwa dawa ya kusafishia, yaani asidi ya pirogaliki au salfeti ya chuma, ikiwa imetiwa asidi ya asetiki. Dawa hii imwagwe kwa mkupuo mmoja usiosita. Ikikatika katikati huacha mstari ambao hauondoki tena. Halafu yanakuja maji, thiosulfati ya sodiamu au sianidi ya potasiamu ya kuondoa fedha isiyopigwa na mwanga, maji tena kwa wingi, kukausha, na vanishi ya moto.

Yote hayo yafanyike kioo kikiwa kibichi. Katika hali ya hewa ya Uingereza una kama dakika 10 tangu kukitoa beseni hadi kukisafisha. Nitrati ikianza kukauka juu ya utando hugeuka fuwele, na picha hutoka na madoa yenye kingo kama ganda la chaza, tena pembeni kwanza. Joto likizidi, etha huruka kabla dawa haijafika kona ya nne, na utando hukaa kwa mawimbi. Vumbi likianguka huacha nukta yenye mkia. Beseni nalo huchoka: kila kioo huacha humo etha, spiriti na uchafu, na picha zinaanza kufunikwa na ukungu. Dawa yake ni kuchuja, kuliacha juani hadi uchafu utue chini, na kuongeza matone ya asidi ya nitriki.

Sharti jingine ni la rangi. Kioo hiki huona buluu na urujuani, na karibu hakioni nyekundu. Ndiyo maana anga za Krimea ni nyeupe tupu, na makoti mekundu ya askari wa Kiingereza yametoka meusi. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini hakuna mawingu, usimwambie siku zote hazikuwa na mawingu. Anga ilikuwa imeshaungua kwenye kioo kabla ardhi haijapata mwanga wa kutosha.

Sasa twende vitani. Aliyelipia safari alikuwa Thomas Agnew & Sons, wachapishaji na wauzaji wa picha wa Manchester. Walitaka sura za majenerali na maofisa ili wauze nakala, na pia zimsaidie mchoraji Thomas Jones Barker kutengeneza mchoro mkubwa wa majemadari wa muungano wa Uingereza, Ufaransa na Uturuki dhidi ya Urusi. Husemwa sana kwamba serikali ya Uingereza ndiyo iliyomtuma ili afute aibu iliyoletwa na taarifa za mwandishi wa habari William Howard Russell katika The Times, taarifa zilizochangia kuiangusha serikali ya Lord Aberdeen Januari 1855. Upendeleo wa wakubwa ulikuwapo, na barua za utambulisho kutoka kwa Prince Albert zilimfungulia milango. Lakini fedha na mpango vilikuwa vya biashara. Serikali yenyewe ilikuwa imejaribu mapema kwa kumpeleka Richard Nicklin na wasaidizi wake, nao wakazama bandarini Balaklava katika dhoruba ya 14 Novemba 1854 pamoja na kazi yao.

Fenton aliondoka Uingereza Februari 1855 kwa meli Hecla akiwa na Marcus Sparling, aliyewahi kuwa askari wa farasi, na mtumishi mmoja wa kupika na kazi za mkono. Mzigo ulikuwa kamera 5, vioo 700 vya vipimo vitatu vikiwa vimesimamishwa kwenye masanduku yenye mifuo, dawa, vyakula, na gari lililokuwa la mfanyabiashara wa mvinyo, likageuzwa chumba cha giza. Lilitiwa madirisha ya kioo cha njano yenye vifuniko, tangi la maji, na mahali pa kulala. Alikuwa amelijaribu Yorkshire mwaka uliotangulia, jambo ambalo naliona la busara kuliko mengi aliyoyafanya. Farasi wa kulivuta walinunuliwa Gibraltar. Walifika Balaklava 8 Machi.

Mwanzoni baridi ilisaidia. Kufikia Mei na Juni gari lilikuwa tanuri. Mwenyewe alieleza kwamba akifunga mlango jasho lilianza kumtiririka kabla kioo hakijawa tayari, na kwamba baada ya saa nne asubuhi mng'ao wa jua ulikuwa mkali kiasi kwamba waliopigwa picha hawakuweza kufungua macho sawasawa. Basi kazi ilibanwa kwenye saa za alfajiri na mapema asubuhi. Lenzi ilikaa wazi sekunde 3 hadi 20 hivi. Kwa muda huo huwezi kupiga shambulio, mzinga unaofyatuliwa wala farasi anayekimbia. Unaweza kupiga mtu aliyeambiwa atulie, hema, meli iliyofunga gati, bonde. Askari unaowaona wakimiminiana kinywaji au wakimhudumia majeruhi wamepangwa na kuambiwa wasitikisike. Katika picha za Krimea kupanga ndiyo kawaida, na bonde la matufe linafuata desturi hiyohiyo.

Ile siku yenyewe ilikuwa 23 Aprili 1855. Kabla hawajashuka, Sparling alitaka gari lipigwe picha naye akiwa amekaa mbele, kwa hoja kwamba huenda wote wawili, gari na yeye, wasirudi. Picha hiyo ipo, na ndiyo inayotuonyesha gari lilivyokuwa. Walipofika bondeni, makombora ya Warusi yalikuwa yakidondoka. Fenton alikuwa amechagua mahali pa mbele zaidi, akalazimika kurudi nyuma kama hatua 100. Walikaa pale saa moja na nusu hivi, wakapata picha mbili nzuri. Katika barua yake anaeleza tufe lililokuja likiruka kuelekea kwao, na tufe walilolichukua kama kumbukumbu. Hasemi neno kuhusu kusogeza matufe.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kwa kukisia nia yake. Waliosema barabara tupu ilitangulia walisema alitaka kutia chumvi. Waliosema yenye matufe ilitangulia walisema askari walipita wakayakusanya ili yarudishwe mizingani, jambo lililokuwa likifanyika kweli. Mwaka 2007 mtengenezaji filamu Mmarekani Errol Morris aliamua kutafuta jibu ndani ya picha zenyewe. Vivuli havikumsaidia kukata shauri. Kilichokata shauri ni vijiwe vidogo kwenye mteremko wa kushoto: ukilinganisha picha mbili, vijiwe kadhaa viko chini zaidi katika picha yenye matufe barabarani kuliko katika ile ya barabara tupu. Jiwe lililokanyagwa au kupigwa teke huporomoka kuelekea chini, halipandi. Hivyo barabara tupu ndiyo ya kwanza, na kati ya picha hizo watu walitembea kwenye mteremko.

Jaribio hili wanafunzi wako wanaweza kulifanya wenyewe kwa kompyuta moja. Library of Congress, Washington, inazo picha 263 za Fenton zilizonunuliwa mwaka 1944 kutoka kwa jamaa yake, na zinapakuliwa bure. Tatizo ni kwamba picha nyingi za bonde hili zilizosambaa mtandaoni ni ile yenye matufe, tena zimepunguzwa ubora. Zitafute zote mbili zikiwa kubwa. Zipandanishe kwa kutumia mstari wa vilima kwa mbali, usitumie kingo za picha, kwa sababu nakala zilikatwa kwa mkono na kingo hazilingani. Kisha badilisha moja na nyingine upesi, macho yakiwa kwenye mteremko wa kushoto. Matufe yaliyo mtaroni ni alama nzuri za kuanzia kwa sababu mengi hayakuguswa.

Je, ni uongo? Kwa maoni yangu, ni kazi ya mtu aliyefundishwa uchoraji, anayetaka jicho la mtazamaji lipate pa kutua. Matufe yalikuwa yameanguka kweli, katika bonde lilelile, na hatari ilikuwa ya kweli. Lakini hakumwambia mnunuzi kwamba mpangilio wa barabarani si wa mizinga, na leo mwandishi wa habari akifanya hivyo atafukuzwa kazi. Kosa kubwa zaidi limefanywa na wengine. Picha iliuzwa kwa jina la Bonde la Uvuli wa Mauti, maneno ya Zaburi ya 23 ambayo askari walikuwa wameshalibandika bonde hilo, na watu wengi wakaamini kuwa ndipo Kikosi Chepesi cha farasi kilipoangamia 25 Oktoba 1854. Sipo. Lile ni bonde jingine.

Kuhusu maiti, usikubali jibu rahisi kwamba teknolojia haikuruhusu. Maiti hatikisiki. Felice Beato alipiga mabaki ya waliouawa Lucknow, India, mwaka 1858, na maiti ndani ya ngome za Taku, China, mwaka 1860, naye pia kwa vioo. Fenton alifika baada ya mapigano ya Alma, Balaklava na Inkerman kwisha, hilo ni kweli, lakini aliyaona mabaki yake. Katika barua zake anaeleza mifupa iliyofukiwa nusu, na mmoja aliyekuwa kama mtu anayetaka kujiinua kwa kiwiko. Hakuweka kamera pale. Mteja wake alikuwa muuzaji wa picha za kutundikwa ukutani na kuwekwa kwenye albamu za familia za maofisa walewale, na mama wa askari hanunui picha kama hiyo. Maofisa nao walimsumbua kila siku wakitaka sura zao zipigwe, na ridhaa yao ndiyo iliyompa farasi, walinzi na njia. Hata sura za viongozi watatu, Lord Raglan, Jenerali Pélissier na Omar Pasha, alizipata asubuhi ya 7 Juni, saa chache kabla ya shambulio. Alichokiacha nje ya picha kwa hiyo ni uamuzi, na huu ndio ningewapa wanafunzi wajadili kuliko matufe.

Aliondoka mwishoni mwa Juni, akiugua kipindupindu, siku chache baada ya shambulio la 18 Juni kushindwa. Sevastopol, mji wa Warusi uliokuwa umezingirwa, ilianguka Septemba yeye akiwa nyumbani, na magofu yake yakapigwa na James Robertson. Kati ya vioo 700 Fenton alirudi na negativu zipatazo 360, yaani vioo vyenye picha ambavyo nakala hutolewa kwavyo. Maonyesho ya London yaliyofunguliwa msimu huo wa vuli yalikuwa na picha 312. Nakala zilitengenezwa kwenye karatasi ya chumvi kwa kuibana karatasi na kioo na kuviweka juani. Hakukuwa na kukuza picha, kwa hiyo nakala ya bonde, takriban sentimita 28 kwa 35, inakueleza pia ukubwa wa kioo alichokitayarisha huku makombora yakianguka. Watazamaji walijaa, lakini mkataba wa amani ulitiwa saini Paris 30 Machi 1856, na hamu ya vita ikaisha nao. Desemba 1856 Agnew waliuza mabaki ya nakala na negativu kwenye mnada.

Miaka iliyofuata ndiyo naiona bora katika kazi yake. Alipiga makanisa makuu ya Lincoln, Ely, Wells, Salisbury na mengine, mito ya Wales mwaka 1857, na meza za matunda mwaka 1860. Kupiga kanisa refu bila kuta kuonekana zinaangukia nyuma, kamera lazima ikae sawa kabisa na lenzi ndiyo ipandishwe. Angalia nguzo za Fenton uone zilivyosimama wima. Katikati yake, mwaka 1858, yapo maigizo ya studio ambamo marafiki zake wa London wamevalishwa kilemba na kuitwa watu wa Mashariki. Hayo mimi hayanivutii, ingawa yanathibitisha kwamba kupanga hakukuwa jambo la aibu kwake.

Oktoba 1862 alitangaza kwamba anaacha. Vifaa na negativu vikauzwa, nyingi ya negativu zikaenda kwa Francis Frith aliyeendelea kuzitolea nakala. Sababu zilikuwa zimejikusanya. Mwanawe wa kiume pekee alifariki mwaka 1860 akiwa mchanga. Soko lilikuwa limehamia kwenye vijipicha vya kadi vya bei nafuu, vilivyosajiliwa na Disdéri wa Paris mwaka 1854 na kuenea kama moto wa nyika kufikia 1860. Kioo kimoja kilitoa sura nane, na studio zikafunguliwa kila mtaa. Fenton alikuwa akiuza picha moja kubwa, iliyochukua nusu siku. Tena nakala zilikuwa zikififia na kugeuka manjano kwa sababu ya thiosulfati isiyooshwa vizuri, kiasi kwamba mwaka 1855 Photographic Society ilikuwa imeunda kamati ya kuchunguza tatizo hilo. Na waandaaji wa maonyesho ya kimataifa ya 1862 waliziweka picha za kamera pamoja na vifaa na mashine badala ya sanaa. Kwa mtu aliyetumia miaka 10 kudai kuwa picha ni sanaa, na mwenye cheti cha uwakili kabatini, mahakama za kaskazini mwa Uingereza zilikuwa na kipato cha uhakika zaidi. Alifanya uwakili hadi afya ilipomshinda, akafariki Potters Bar 8 Agosti 1869 akiwa na miaka 50.

Ukiandaa somo, tahadhari moja ya mwisho: tarehe iliyochapwa chini ya nakala nyingi za Krimea ni ya kuchapishwa na Agnew, si ya kupigwa. Siku ya kupigwa itafute katika barua zake, na pale ambapo hazisemi, andika tu Machi hadi Juni 1855.